Kapasita Inayong'aa na Mayai ya Mama

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, Hasifa aliingia chumba cha nyuma, akaketi sakafuni, akaegemeza sikio kwenye sanduku la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na joto. Ndani ya joto mlikuwa na mayai ishirini na mawili. Feni ndogo ilizunguka humo polepole, na Hasifa aliisikiliza mpaka macho yake yakawa mazito.

"Kuru, kuru, kuruu," aliyaita mayai.

Msimcheke. Hivyo ndivyo mama yake alivyowaita kuku wake kule Karusandara.

Hasifa anaishi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Huko ukungu hushuka kutoka mlimani hata mchana. Ukungu ukishuka, mlima hupotea, na Hasifa huona kile moyo wake unachotaka. Alimwona mama amefunga leso yake ya kijani, anatembea uani taratibu. Nyuma yake walifuata kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mama alipenda hasa kuku wa aina hiyo.

Mama alifariki wakati wa mvua. Watu walikuja wengi kumzika. Waombolezaji hawalali njaa, na hiyo ni haki yao. Siku ya kwanza walichinjwa kuku sita. Kufika siku ya tatu, hakubaki hata jogoo. Nani angewanyima wageni wa mama kuku wa mama? Lakini Hasifa alizunguka kwenye viota, akaokota mayai, akayafunga katika leso ya kijani. Aliyapakata mapajani njia nzima mpaka Bwera.

Mume wake anaitwa Swalik. Ananunua chumvi Kabatoro na kuiuza Bwera. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Alipomwona mkewe amekumbatia mayai, alikwenda Kasese, akarudi na lile sanduku la mbao, mashine ya kutotolesha vifaranga iliyokwisha kutumika. Mashine hiyo hufanya kazi ya kuku anayeatamia mayai. Huyapa mayai joto kwa siku ishirini na moja.

Kando ya mashine kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye matundu. Kinaitwa pawa saplai. Huchukua umeme mkali wa ukutani na kuupunguza hadi volti kumi na mbili, ambazo mashine inaziweza. Hasifa alikihurumia kisanduku kile kilichokaa peke yake nje ya joto. Akakifunika vizuri kwa leso ya mama.

Siku ya kumi, taa ya mashine ilianza kupepesa. Feni ikachoka, kisha ikanyamaza. Swalik alikibeba kisanduku mbio hadi sokoni, kwa mtu mmoja mwenye meza ya vitu vya umeme.

"Kapasita imevimba," mtu yule alisema. Akachomoa kikopo kidogo ndani ya kisanduku, akamsogezea bakuli la vingine. "Chagua ingine."

Swalik alichagua iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa na mwili mweusi na kichwa kinachong'aa. Mtu yule aliifunga ndani ya kisanduku, na Swalik akarudi nyumbani akitamba.

"Nimeleta mbabe!" alisema. Kweli feni ilizunguka, na Hasifa akarudi kwenye ndoto zake. Leso nayo ilirudi juu ya kisanduku.

Siku ya kumi na sita, saa nne asubuhi, feni ilinyamaza tena.

Hasifa alitazama kipimajoto. Kilikuwa kikishuka. Alijua kwamba vifaranga wameshakua ndani ya maganda, na kwamba baridi ikiwapata kwa muda mrefu, watakufa. Na kuku wengine wa mama hawapo popote duniani. Alilia bila kujificha.

"Usilie," Swalik alisema, huku akivaa viatu. "Naenda sokoni. Leo nitaleta kubwa kuliko ile."

"Ngoja kwanza, jirani!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Olivia, jirani yao, anayeuza maharagwe kutoka Kyarumba. "Kubwa ya kwanza imekufa. Ya pili itakuwa mukubwa wake ama muzimu wake? Acha nimuite Afande Thembo."

Afande Thembo alitengeneza redio za jeshi kwa miaka ishirini. Jeshi lilimwachia zamani, lakini yeye hakuliachia jeshi. Aliingia na begi lake begani, akatazama kipimajoto, akaamuru:

"Mayai kwanza! Mama, iko na jerikeni ndogo? Tia maji ya moto, lakini isichemuke. Funga na nguo nzito, weka ndani karibu na mayai. Isiguse mayai. Funga mulango. Usifungue-fungue!"

Hasifa alijaza jerikeni. Alitafuta nguo nzito kwa macho, lakini mkono wa Thembo ulikuwa umeshafika juu ya kisanduku. Aliinua leso ya kijani kwa vidole viwili. Ilikuwa ya moto.

"Nani alivalisha hii pawa saplai nguo?"

"Ni mimi, Afande," Hasifa alijibu kwa sauti ndogo. "Niliona iko peke yake, inasikia baridi. Leso ni ya mama yangu."

Thembo aliikunja leso vizuri. Akamkabidhi leso kwa mikono miwili.

"Sikiliza, mama," alisema polepole. "Yai inapenda joto. Hii kitu inapenda upepo. Haya matundu ni pua yake, na wewe uliziba pua. Joto inakausha kapasita ndani, inavimba, inakufa mbele ya siku yake. Leso ya mama yako, peleka kwa mayai. Huko ndiko kazi yake iko."

Hasifa aliikunja leso mara kadhaa ili iwe nzito, akaifunga jerikeni kwayo. Alikuwa na haya, lakini moyo ulitulia kidogo.

Thembo alichomoa waya ukutani, akafungua kisanduku. Swalik aliinama, akanyoosha kidole kuonyesha kapasita yake.

"Toa mukono!" Thembo alinguruma, na Swalik akaruka nyuma. "Unaona tumechomoa, unafikiri umeme imeenda? Ile kapasita ya upande wa ukutani inaweka umeme ndani hata kama waya imetoka. Inaweza kuua mutu. Fundi anaimaliza kwanza, halafu anagusa. Mutu asiyefundishwa, asifungue kabisa."

Aliumaliza umeme ule kwa kifaa chake, akapima kuhakikisha. Baada ya hapo ndipo alipoitoa kapasita ya Swalik.

"Afande," Hasifa aliuliza, "hiyo kapasita inafanya nini?"

"Maji ya bomba inakuja kwako namna gani?"

"Inakuja, inakatika."

"Na wewe unafanyaje?"

"Najaza pipa, nachota humo."

"Basi kapasita ndiyo pipa. Umeme inafika hapa ikiruka-ruka. Kapasita inajaa, inatoa sawasawa. Pipa ikiharibika, taa inapepesa, feni inachoka. Hiyo ni dalili. Ukiona hiyo, au kichwa ya kapasita imevimba, au imevuja, usingojee."

Aliishika kapasita kwenye mita, chombo cha kupimia umeme. Ubavuni iliandikwa mikrofaradi elfu moja. Mikrofaradi ndicho kipimo cha ukubwa wa pipa. Mita ilisoma mia mbili na ishirini tu.

"Hata mita inashangaa," Thembo alisema. Akachukua kisu, akalipasua lile kopo linalong'aa mbele yao.

Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na kapasita nyingine, ndogo kama punje ya haragwe. Ubabe wote ulikuwa huo.

Olivia alicheka mpaka akashika ukuta. Swalik alikaa kimya, jambo ambalo halijapata kuonekana Bwera.

"Wewe, kazi yako ni nini?" Thembo alimuuliza.

"Chumvi, Afande."

"Mutu akikuletea gunia, juu chumvi nyeupe kabisa. Unanunua?"

"Mimi? Sinunui!" Swalik alisahau aibu yake. "Napitisha mukono mpaka chini. Watu wanaweka nzuri juu, katikati wanaficha tope. Mimi mutu wa Kabatoro haniwezi..."

Aliliangalia lile kopo lililopasuliwa.

"Basi," Thembo alisema, "hapa hukupitisha mukono."

Kwenye begi lake Thembo alikuwa na mfuko wa kapasita alizozitoa katika televisheni kuukuu. Hasifa alizitazama kwa tamaa.

"Hapana," Thembo alisema. "Hizi ni za kufundishia. Zimefanya kazi miaka, zimekauka. Mashine ya mayai inataka mupya. Swalik, washa gari yako. Enda Kasese. Na usiniletee kitu cha kung'aa."

Alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, na kila alipoandika alieleza. Mikrofaradi elfu moja: hiyo isibadilike. Volti ishirini na tano: iliyokufa mwanzo ilikuwa ya kumi na sita, kama ilivyoandikwa ndani ya kisanduku, na volti ikizidi kidogo si vibaya, lakini isipungue kamwe. Joto, digrii mia moja na tano. Ziko za themanini na tano, lakini hizo huchoka upesi mahali penye joto.

"Na miguu yake, tazama," alimalizia. "Mupya iko na miguu mirefu, safi. Ukiona mifupi, ama iko na risasi ya kuchomelea ya zamani, hiyo ilitolewa kwa kitu kingine. Mwenye duka akikataa kupima, toka."

Swalik aliondoka. Barabara ya Kasese ilikuwa na ukungu, na mlima ulikuwa umepotea. Alimfikiria mama mkwe wake. Marehemu alikuwa akimwita "mwanangu wa chumvi" na kumpa yai la kuchemsha kila alipofika. Aliona aibu upya, peke yake ndani ya gari, na akakanyaga mafuta.

Duka la kwanza walimpa ya digrii themanini na tano. "Ni sawa tu," walimwambia. Akatoka. La pili walimpa yenye namba zote nzuri, lakini miguu yake ilikuwa mifupi, na risasi kuukuu imeganda kwenye ncha. Akairudisha. Katika duka la tatu alimkuta mwanamke aitwaye Mariat, amevaa miwani.

"Ni ya redio, ama ya pawa saplai?" Mariat aliuliza.

"Pawa saplai, dada."

"Basi si hizi." Alifungua boksi jingine. "Kwa pawa saplai, umeme unaingia na kutoka mbio sana. Hizi zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hazipati moto ovyo."

"Tafadhali pima," Swalik alisema.

Mariat alipima. Mita ilisoma elfu moja kasoro kidogo. Swalik aliitazama kapasita ile. Ilikuwa fupi na nyembamba, wala haikuwa na cha kujivunia. Akacheka peke yake na kununua mbili, moja iwe ya akiba.

Huko Bwera, Hasifa alibadilisha maji ya jerikeni mara tatu. Kila mara alifungua mlango haraka na kuufunga haraka. Kati ya mara moja na nyingine aliegemeza sikio kwenye mbao. Feni haikuzunguka, kwa hiyo palikuwa kimya sana. "Kuru, kuru, kuruu," aliita. Aliona kama anaota, na ndani ya ndoto hiyo mama amesimama nyuma yake, anangoja pamoja naye.

Swalik alifika saa tisa. Thembo aliigeuza kapasita mbele ya dirisha, akaisoma, akaipima. Hakumsifu. Alisema tu, "Mm." Lakini Swalik alitabasamu kama mtu aliyepewa nishani.

"Angalia huu mustari," Thembo alimwonyesha Hasifa. "Ni upande wa hasi. Lazima ukae penye hasi kwa saketi. Ukigeuza, inapasuka usoni."

Aliichomelea kwa risasi, akafunga kisanduku. Hakukiunganisha na mashine papo hapo. Kwanza alijaribu na globu ndogo ya gari, akapima: volti kumi na mbili, bila kuyumba. Ndipo akaunganisha.

Feni ilizunguka. Hasifa aliweka sikio na kufumba macho.

Siku hiyo hiyo Swalik alipigilia ubao ukutani, mahali penye upepo. Kisanduku kiliwekwa juu yake, wazi, bila nguo yoyote.

Siku ya ishirini na moja ilifika. Mayai yalikuwa kimya. Hasifa hakula mchana. Olivia alisema ile baridi huenda iliwachelewesha tu, lakini hata yeye hakuangalia mtu usoni.

Siku ya ishirini na mbili, baada ya adhuhuri, Hasifa aliketi mahali pake. Ukungu ulikuwa dirishani. Alisikia feni. Kisha akasikia kitu kingine ndani ya sauti ya feni, kidogo mno. Tk. Tk.

"Swalik!" alipiga kelele. "Swalik, mutu anabisha hodi!"

Walitoka vifaranga kumi na watatu. Mayai tisa hayakuanguliwa, na Hasifa aliyazika bustanini. Kati ya wale kumi na watatu, saba walikuwa na shingo tupu, nyekundu, mbaya na nzuri. Siku hizi Swalik, akitaka kununua hata tochi, huulizwa na wenzake wa chumvi: "Umepitisha mukono mpaka chini?" Naye hujibu kwa fahari kwamba mita anayo mfukoni. Alinunua yake.

Wiki tatu baadaye, jua lilipowaka, Hasifa aliwatoa vifaranga uani kwa mara ya kwanza. Walitawanyika. Mmoja aliingia chini ya gari, wengine wakakimbilia majani. Swalik alianza kuwafukuza huku na huku.

"Waache," Hasifa alisema.

Alijifunga leso ya kijani kiunoni. Akaanza kutembea taratibu.

"Kuru, kuru, kuruu."

Vifaranga walisimama. Walikuwa wameisikia sauti hiyo tangu wakiwa ndani ya maganda. Wakageuka wote, wale wenye manyoya na wale wa kishingo, wakamfuata nyuma.