Kiti cha Nyuma cha Austin

Viti vya mbele vilikuwa vimeliwa na panya mpaka springi zikabaki uchi. Cha nyuma kilikuwa kizima, hakina hata vumbi, na kilinukia marashi.

Mfaume, fundi bodi wa Kibiti, aliliona hilo akacheka tu. Gari lile kuukuu la Kiingereza, Austin, lilikuwa limelala kijijini Ngorongo miaka thelathini, mafuriko yakija na kuondoka. Bi Mwanamina, mjane wa mwenye gari, alimwachia bila ubishi, ila kabla hajalivuta alimshika mkono.

"Mwanangu we, marehemu hakumpakia mtu nyuma. Pale pana jini lake. Kila Ijumaa akilifukizia ubani. Kiti kile usikitoe."

"Nimesikia, bibi," alisema Mfaume. Kusikia alisikia kweli. Kushika ndiko kulikomshinda.

Miezi minne alilisuka upya. Alitia injini ya Kijapani yenye nguvu mara tatu ya ile ya kwanza, akafunga ringi pana, akaiacha pua wazi bila boneti ili watu waione mitambo. Paa alilikata kwa grenda, akalishusha shibiri nzima na kulichomea tena, kama magari ya mbio aliyokuwa akiyatazama kwenye simu hadi chai inapoa. Kiti cha nyuma alikitupa uani kwa gereji. Gari la namna ile ni la watu wawili, yeye na mkewe Safina, basi.

Ijumaa ya kwanza, alasiri, walikwenda Mchukwi na kurudi. Wakati wa kwenda Safina alicheka njia nzima. Wakati wa kurudi alijipapasa shingo.

"Kuna joto shingoni," alisema mwishowe. "Kama mtu ananihemea."

"Injini hiyo."

Jumatatu Safina alisonga ugali huku kichwa kimeinama, akitazama miguu yake mwenyewe. Wiki ya pili kidevu kiligusa kifua. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Mfaume aliogopa, aliogopa sana, maana alimpenda mke yule kuliko alivyowahi kumwambia. Na kila alipojaribu kumwinua kichwa kwa viganja viwili, taratibu, alihisi juu ya utosi wa mkewe kitu kigumu na baridi kama bati kikikataa, na harufu ya marashi ikajaa chumbani mchana kweupe, na huko nje, kwenye gari lililozimwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, mlango ukafunguka, ukakaa wazi kidogo kama unaosubiri mtu apande, kisha ukafungwa.

Ndipo akamleta Bi Hajira, mganga wa Kiongoroni, aliyekuja kwa boti na kifuko chake cha ubani. Mama yule alifukiza, akasoma, akaweka sikio karibu na mdomo wa Safina.

"Umelitoa kwenye kiti chake," alinong'ona. "Limehamia lilipopata. Rudisha gari kama lilivyokuwa jini lilipokaa humo. Kuna kingine ulichokigusa mle ndani?"

Mfaume alichungulia dirishani. Paa liling'aa juani. Wiki tatu alilihangaikia, na mshono wake hata ukiupapasa huuoni.

"Hakuna, mama," alisema.

Siku ileile alikiokota kiti uani, akakifunga mahali pake. Bi Hajira alizunguka gari mara saba na chetezo, akilibembeleza jini kama mtu anayemrudisha mkwe aliyesusa. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Ndani ya nyumba shingo ya Safina ikalia ko! naye akainua uso, akaiona dari, akalia kwa furaha. Mfaume naye alilia. Jioni wakachinja jogoo.

Ijumaa iliyofuata alitoka na gari peke yake, ubani umeshafukizwa, kila kitu kwa adabu. Kwenye kioo kiti cha nyuma kilionekana kitupu. Lakini alipokanyaga mafuta alisikia juu nyuma yake bati la paa likikwaruzwa, kama mtu mrefu anayetafuta pa kuweka kichwa asipate, akijikunja upande huu, akijikunja upande ule, akisogea mbele, mbele zaidi, hadi pumzi ya moto yenye marashi ikatua shingoni kwa Mfaume na haikuondoka tena.

Alirudi nyumbani polepole. Safina alikuwa mlangoni akimngoja, amevaa kanga mpya.

"Mume wangu," alisema, "mbona hunitazami usoni?"

"Nakutazama," alijibu Mfaume, akiiona miguu yake mwenyewe tu.