Mdomo Uliomsifu Sonara

Doa lilikuwa la kijani, limeizunguka shingo ya bibi harusi kama alama ya kamba.

Zuleikha alikuwa amekalishwa mbele ya wanawake wa Malindi, macho ameyafumba kama ilivyo ada, mikono yenye hina ameilaza mapajani. Joto la Januari ya mwaka 1984 lilikuwa kali. Jasho lilipomtiririka, kidani alichoachiwa na bibi yake kilianza kubanduka rangi. Chini ya dhahabu ikaonekana shaba.

Mama mkwe wake aliinuka, akamvua kile kidani, akakiinua juu.

"Hii ndiyo dhahabu ya kwenu?"

Zuleikha hakufumbua macho.

Kesho yake, baada ya mama mkwe kupeleka mashtaka polisi, Inspekta Randu alikuwa nyumbani kwa mama yake Zuleikha, mjane aliyeishi nyuma ya soko. Koplo Jefwa alilimwaga kasha la nguo la mjane sakafuni. Majirani walijaa mlangoni. Hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na kanga, ubani na picha ya marehemu mumewe. Mjane hakulia. Alichutama, akaanza kuzikunja kanga moja moja mbele ya majirani, na Randu akaona heri angelia.

Zuleikha alikuwa amesimama pembeni. Shingoni amejifunga mtandio.

"Afande, nimerudishwa kwetu," alisema kwa sauti ndogo. "Mama mkwe amesema ikijulikana mama ndiye aliyekibadilisha, nisirudi tena."

"Kidani kilikuwa halisi?"

"Bibi alikivaa maisha yake yote. Hakikumwachia doa."

"Baada ya bibi, nani alikigusa?"

"Mama. Mimi. Na sonara Mahadhi. Alikisafisha na kukitengeneza kifungo, wiki moja kabla ya harusi."

Mahadhi alikuwa kijana nadhifu aliyehamia kutoka Mtwapa, hata mwaka haujaisha. Randu alipoingia dukani, hakuacha kuvukuta moto wake.

"Kidani kilikuja kwako kikiwa dhahabu?"

"Kilikuja kikiwa shaba, afande."

"Mbona hukusema?"

"Nimwumbue mjane wa watu? Nilimsitiri." Aliinua macho. "Mimi mgeni hapa. Usiniamini mimi. Uliza mji."

Randu aliuliza mji.

"Mahadhi? Fundi hasa!" alisema muuza samaki.

"Alikutengenezea nini?"

"Mimi? Nina dhahabu mimi, baba? Nimemsikia kwa shemeji."

Shemeji alikuwa amemsikia kwa jirani. Jirani alikuwa amemsikia kwa Bi Hindu. Mke wa mwalimu naye alimsikia kwa Bi Hindu. Muuza halua alimsikia kwa dada yake, ambaye naye aliambiwa na Bi Hindu. Wachache tu ndio waliompelekea vitu vyao, na vitu hivyo vilikuwa bado kabatini vikingoja harusi.

"Afande," Jefwa alisema wakirudi garini, "sifa ni nyingi kama kuku wa jirani yangu Mapenzi. Lakini zote zimeanguliwa na kuku mmoja."

Randu hakucheka. Mchana ule ule nusura amtie pingu mjane, kwa kuwa sonara alisifiwa na watu wengi na mama huyo hakuwa na wa kumsemea. Hakuwa amejiuliza wale wengi ni wangapi hasa.

Bi Hindu alikuwa mpambaji wa maharusi. Mjini hapakuajiriwa mpishi wala mchora hina kabla yeye hajaulizwa.

"Shikamoo, Bi Hindu."

"Marahaba, mwanangu. Askari wawili wazima! Mnatafuta wake?"

"Huyu Jefwa anatafuta," alisema Randu. "Mimi namtafuta Mahadhi. Ni fundi mzuri?"

"Mzuri."

"Wewe alikutengenezea nini?"

Tabasamu lilimfifia. "Bangili zangu. Zilipinda."

"Ziko wapi?"

"Nimeziweka."

"Nimeambiwa harusini jana hukuzivaa. Mpambaji mzima, mikono mitupu?"

Bi Hindu alivuta mikono ya buibui ikafunika vidole.

"Zilete, mama. Nina tindikali hapa. Tone moja latosha kuipima dhahabu."

"Usizitilie." Bi Hindu aliinua kiganja. "Najua ni nini."

Alikaa chini.

"Niliona doa mkononi, nikamrudia dukani. Akaniambia, 'Piga kelele, Bi Hindu. Watu wakuulize, wewe unayewachagulia mafundi, wako ulimchaguaje?' Nikarudi nyumbani kimya."

"Kunyamaza ni jambo moja. Mbona ulimsifu?"

"Wa kwanza aliponiuliza nilitaka kusema simjui. Lakini miaka yote hii sijawahi kuulizwa nikasema sijui. Nikasema ni mzuri. Aliyefuata, ningesema vingine?"

Jioni, Randu aliziweka bangili za shaba juu ya meza kituoni. Mahadhi alizitazama.

"Nilidhani hatasema," alinong'ona, kisha akang'amua kwamba ameshajifunga mwenyewe.

"Kidani kiko wapi?"

"Nimekiyeyusha. Dhahabu nimeiuza Mombasa."

"Hukuogopa mji mzima?"

"Sikuhitaji kuudanganya mji mzima, afande. Nilihitaji mmoja anayeaminiwa, na anayeona haya."

Randu alianza kuandika maelezo. Mbele ya macho yake palikuwa na kanga zinazokunjwa.

Kesho yake alimwomba radhi mjane palepale mlangoni, kwa sauti, majirani wakisikia. Kisha akampeleka Bi Hindu kwa mama mkwe wa Zuleikha. Wanawake walikuwa wameitwa. Bi Hindu alikataa kiti. Aliziweka bangili kwenye sinia, akasema yote, bila kupunguza.

Mama mkwe aliinama. Kisha akavaa buibui lake. "Nitakwenda mwenyewe kumchukua mwanangu," alisema.

Hakwenda mbali. Zuleikha alikuwa mlangoni, amekuja na mama yake.

"Bi Hindu," aliuliza, "mama alipokuuliza kidani changu kipelekwe kwa nani, ulikuwa umeshaliona doa?"

"Nilikuwa nimeshaliona, mwanangu."

Zuleikha alitikisa kichwa polepole. Akaufungua mtandio, doa likaonekana, akamfunika nao Bi Hindu mikono yake mitupu, isibaki wazi mbele za watu.