Nyumba ya Mwisho ya Mwangaza

Mara ya kwanza Mwamvita alipomsikia mtu akipiga matofali nyuma ya nyumba yake, ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na kartie nzima, mtaa wote wa Mwangaza, imejilaza. Alisikia udongo ukibwagwa kwenye kibao cha kufyatulia, kisha kiganja kikiusawazisha, kisha kibao kikiinuliwa. Alijifunga kikwembe akatoka kumwona huyo mpumbavu anayefanya kazi jua kali namna ile. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na shamba lake la mihogo na harufu ya nywele zilizoungua. Aliporudi ndani, alimkuta binti yake Malaika, wa miaka saba, amekaa mkekani akipiga magoti yake kwa viganja, polepole, kwa mwendo uleule aliousikia nje.

Siku ya tatu mtungi ulioamka umejaa ulikutwa mkavu adhuhuri, na hakuna aliyekunywa. Wiki ya pili ngozi ya miguu ya Malaika ilianza kuwa nyekundu na kukauka, ikapasuka mistari mistari, na chini ya mipasuko hapakutoka damu, palitoka vumbi. Mwamvita alimbeba kwa baiskeli hadi mjini Kasongo, muuguzi akampa mafuta ya kupaka na maneno mazuri. Wiki ya tatu mtoto hakuweza tena kusimama. Ukimgonga goti kwa kidole, lilitoa mlio wa kitu kigumu.

Mwamvita alikuwa mjane. Marehemu Kassimu alimwachia lile shamba la mihogo na mtoto huyo mmoja, basi. Akaenda kwa Mzee Hemedi, aliyekuwa shefu, mkuu wa kartie, na msomaji wa dua, mtu wa kanzu safi na woga mwingi. Hemedi alikuja, akaandika aya kwenye sahani, akaiosha, akamnywesha mtoto yale maji. Malaika alikunywa hadi tone la mwisho, kisha akalamba sahani, kisha akaomba nyingine. Mzee alikusanya vitu vyake haraka.

"Baba, sema tu," Mwamvita alimwambia. "Nini iko nakula mutoto wangu?"

"Usiseme kwa nguvu, binti yangu. Iko nasikia."

Wakaenda kuzungumzia barabarani, mbali na ukuta. Huko Hemedi alimweleza yale ambayo kila mzee wa Mwangaza anayajua na hakuna anayeyasema. Familia saba za mjini ndizo zilizoanzisha kartie, wakati baba yake Hemedi akiwa kijana. Walihitaji udongo wa matofali, wakauchimba kwenye shimo ambalo halikuguswa tangu enzi za misafara ya watumwa, shimo walimotupwa mateka walioshindwa kutembea, wengine kabla hawajafa. Kuna kitu kilikuwa kinaishi mle kwa kula watu hao. Waanzilishi walikuta mifupa. Mtu mwenye akili angefukia shimo akaondoka, lakini mvua ilikuwa karibu na wao walitaka paa, kwa hiyo wakaikanyagia mifupa humohumo kwenye udongo, wakapiga matofali yao. Nyumba ya kwanza kuwasha jiko ilizika watoto wanne. Ndipo ilipojengwa nyumba ya pili, mbele zaidi upande wa porini, na yule wa shimoni akahamia huko. Tangu hapo anakaa nyumba ya mwisho. Kartie ikakua hivyo, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja akimtafuta wa kumtanguliza.

Sasa mjue kwa nini watu wa Mwangaza wanasifiwa kwa ukarimu. Akija mgeni kutafuta parseli, kiwanja cha kujenga, hawamwachi apumue. Wanamfanyia salongo, wanaume wote wanampigia matofali, wanawake wanampikia wali na samaki, vicheko mpaka jioni. Mwamvita mwenyewe alimpikia hivyo Véronique, jirani aliyejenga mbele yake. Wakati ule alijua nusu ya mambo, na nusu hiyo ilimtosha. Véronique alikufa, mvua zilizopita zikaiangusha nyumba yake, na nyumba ya mwisho yenye moto ikawa ya Mwamvita.

"Dawa njo moja," Hemedi alinong'ona. "Mutu ajenge mbele yako. Siku ya kuingia, achukue moto ku jiko lako, awashe ku lake. Ye iko nafwata moto tu."

Mtu huyo alipatikana sokoni, naye aliitwa Nsimire. Alikuwa ametoka Kivu na mumewe Gédéon, aliyekuwa akichimba dhahabu upande wa Kabambare. Alikuwa amepanga chumba kimoja kinachovuja, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Mwamvita alimkatia kipande cha shamba lake la mihogo. Nsimire alilia. Alisema tangu atoke kwao hakuna mtu aliyemtendea wema wa namna ile, na Mwamvita akamwambia majirani ni ndugu, akashangaa jinsi maneno yale yalivyotoka laini.

Matofali yalipigwa, yakachomwa, kuta zikapanda kwa wiki tano. Kila siku Nsimire alipita kumwona Malaika, akamkanda miguu kwa mawese ya moto, akamwimbia nyimbo za kanisani kwao. Mtoto alimpenda kupita kiasi. Kutwa alikuwa akiuliza kama Mama Nsimire amefika. Siku moja Nsimire aliushika mkono wa Mwamvita akauweka tumboni mwake, naye akahisi kisigino kidogo kikisukuma. Nsimire akasema kama ni msichana atamwita Mwamvita. Mwamvita alifungua kinywa amwambie akimbie, kweli alikifungua. Lakini kutoka ndani ulisikika mlio wa goti la Malaika likipasuka, akakifunga. Usiku ule hakula, na asubuhi alikwenda kusaidia kusiliba ukuta.

Siku ya kuingia ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Kartie nzima ilikusanyika. Mwamvita alitoa makaa jikoni mwake, akayaweka juu ya kigae mlangoni tayari kwa Nsimire, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuepua wali. Hakukawia. Aliporudi, kigae hakipo, na mkeka wa Malaika hauna mtu.

Akamwona. Mtoto ambaye hakusimama kwa majuma alikuwa njiani kuelekea nyumba mpya, anatembea wima, kigae mikononi, makaa yakigusa vidole vyake naye hata hashtuki. Kwa muda mfupi Mwamvita alifurahi, alifurahi kama mama yeyote, akapiga hatua mbili akicheka. Kisha alimwona Mzee Hemedi amejishika kanzu kwa mikono miwili na uso umemwisha damu, na hapo akaanza kukimbia, akamwita mtoto kwa jina, na njia ambayo alikuwa ameipita kila siku na karai la udongo kichwani ikawa ndefu kuliko alivyoijua, na watu wakampisha pande mbili bila hata mmoja kunyoosha mkono kumshika mtoto, kwa sababu kila mmoja aliyekuwa pale alikuwa na nyumba nyuma ya hiyo na watoto ndani yake, na alipofika kizingitini akiwa hana pumzi, Malaika alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga mapya, anapuliza, na moto unawaka.

Miguu ya mtoto ilikuwa mizuri, laini, haina hata alama. Mwamvita alimwinua akatoka naye mbio kurudi kwao. Walipovuka tu mpaka wa parseli, miguu ile ilipasuka yote kwa pamoja, na safari hii damu ilitoka. Malaika alipiga ukelele ambao wengine walikimbilia majumbani wasiusikie. Mama akarudi naye ndani ya nyumba mpya. Ngozi ikafunga.

"Mwenye anawasha njo mwenye nyumba," Hemedi alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Nilifikiri unajua, binti yangu."

Nsimire alikuwa amesimama karibu nao, amelishika tumbo. Alikuwa amesikia. Hakuna aliyemfafanulia lolote, wala hakuhitaji. Alimtazama Mzee, akatazama masufuria ya wali, mwisho akamtazama Mwamvita.

"Ile siku niliweka mukono yako ku tumbo yangu," alisema, "ulikuwa unajua?"

Mwamvita aliinama akaifuta damu miguuni mwa mtoto. Nsimire akafunga vitu vyake, akaita pikipiki na kwenda kumfuata mumewe. Hakumlaani mtu. Majirani walimsema kwamba hana shukrani.

Na Mwamvita wakamsifu. Walimbebea vyombo vyake hadi mpakani mwa nyumba mpya, wakaviweka chini, wakasema Mungu atamlipa. Hemedi aliahidi kumtafutia mgeni mwingine haraka, ingawa alipoulizwa kama mgeni huyo atamwokoa mtoto aliyewasha moto kwa mkono wake, alisema hilo hajawahi kuliona, akaaga.

Alasiri Mwamvita aliingiza vitu kimoja kimoja. Kama ni kuishi nyumba ya mwisho, ataishi. Mradi mtoto anatembea. Alitandika mkeka wake kando ya ule wa Malaika, akaketi, akanyoosha mkono amguse nywele.

Malaika aliusogeza mkono ule pembeni, taratibu, kama mtu aliyefundishwa adabu.

"Hapo hapana," alisema. "Hapo iko mutu."

"Malaika, mimi mama yako."

Mtoto aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, ingawa chumbani hapakuwa na aliyesema. Kisha akaukunja mkeka wa Mwamvita vizuri, akaubeba hadi mlangoni, akautua nje kwenye vumbi, akamngoja atoke. Mwamvita alitoka, kwa kuwa mtoto alikuwa ameanza kujikuna magoti na vumbi lilikuwa linamtoka.

"Ye iko nasema we ni jirani," Malaika alimwambia, akafunga mlango.