Rangi Anayoiona Mama

Asubuhi moja ya mwaka 1956, Nanyama alikuwa ameketi nje ya nyumba yao huko Namatala, Mbale, akichambua maharage. Alimwona mama mkwe wake akitoka chooni. Mama Nangobi alitembea polepole, mkono mmoja mbele. Alifika ukutani akaanza kuupapasa. Akaupita mlango. Akaendelea kupapasa mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama hapo.

"Mama, mlango umeuacha nyuma," Nanyama alimwambia kwa upole.

"Najua," Mama Nangobi akajibu. "Nilikuwa napunga upepo."

Upepo wenyewe haukuwapo. Macho ya mama yalikuwa yamefifia. Hospitalini walisema hayatapona tena. Aliweza kutofautisha mwanga na giza, basi. Na nyumba ile ilikuwa ya udongo, mlango wake wa mbao kuukuu ulikuwa na rangi ya udongo, na ua nao ulikuwa udongo mtupu. Kwake yote yalikuwa kitu kimoja.

Alipoingia ndani, aliketi. Kisha akasema, "Mwambie Geresom anirudishe kijijini, Buwenge. Kule miguu yangu inajua njia. Hapa nimekuwa mzigo."

Nanyama aliumia moyoni. Mama huyu alikuwa amewalea watoto wote wa Nanyama, na Buwenge hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumpikia. Lakini atamzuiaje mtu ambaye hata mlango wa nyumba haumpokei?

Jioni mumewe, Geresom, alirudi kutoka kazini. Alikuwa askari wa magereza. Alibeba kopo la rangi, na uso wake uling'aa kwa furaha.

"Rangi ya mafuta!" alisema. "Kijivu. Nitapaka ukuta, mlango, madirisha, yote. Nyumba yetu itakuwa kama ofisi ya bwana mkubwa."

Ndivyo walivyo watu wa yunifomu. Wakiivaa miaka mingi, hutaka na nyumba zao ziivae.

Jirani yao Nulu alisikia maneno hayo kutoka upande wa pili wa ua. Nulu alikuwa na nyumba kadhaa za kupangisha, zote za udongo, na mdomo wake haukujua likizo.

"Afande," aliita, "unataka kuivalisha nyumba koti la mvua?"

"Koti la mvua lina ubaya gani?" Geresom aliuliza.

"Kwako halina. Lakini ukuta wa udongo unanyonya maji kutoka chini, halafu unayatoa polepole, unakauka. Ukiuziba na rangi ya mafuta, maji yatatokea wapi? Rangi inafura malengelenge, halafu inabanduka na udongo wake. Mimi nilipaka nyumba moja hivyo, nikaringa mtaa mzima. Mvua zilipokuja, mpangaji wangu alikuwa anaona barabara kupitia ukutani."

Geresom alicheka, ingawa hakutaka. "Sasa nipake nini, dada?"

"Chokaa. Chokaa haiuzibi ukuta. Hiyo ya mafuta weka kwenye mbao, huko ndiko kwao."

Basi Jumamosi kazi ikaanza. Nulu aliamuru, wengine wakafanya. Kwanza waliziba nyufa zote kwa udongo uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, wakaacha zikauke vizuri. Kisha Geresom akaleta chokaa kutoka duka la Praful mjini.

"Tia maji kwenye pipa kwanza," Nulu alisema. "Halafu tia chokaa kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa, inachemka na kuruka. Inaunguza. Watoto wakae mbali, na wewe linda macho yako. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi sana, halafu mbio hospitali."

Waliiacha ilale kwenye maji mpaka ikapoa na kulainika. Wakaichuja kwa gunia, wakatia chumvi ili ishike vizuri. Walinyunyizia ukuta maji, wakapaka. Geresom alirudi nyuma hatua chache kutazama kazi yake. Akakunja uso.

"Hii ni maji ya mchele! Udongo unaonekana wote. Ongeza chokaa, iwe nzito."

"Usiongeze!" Nulu alimzuia. "Ikiwa nzito itapukutika. Chokaa mbichi haina rangi. Ngoja ikauke, ndipo useme."

Geresom alinung'unika mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi alifungua mlango, akatoka nje kutazama. Ukuta ulikuwa mweupe. Walipaka tena, nyepesi vilevile, na tena. Ulizidi kuwa mweupe. Chini ya ukuta, kufikia magotini, walipaka mkanda wa udongo mweusi wa kinamasi, maana mvua ya Mbale hurusha matope na kuchafua weupe wote.

Ilibaki mlango. Geresom alichukua kopo lake la kijivu na bisibisi ya kulifungulia.

"Ngoja, baba," Nanyama alimwambia. "Umemuuliza mama?"

"Mama nimuulize rangi? Haoni!"

"Ndiyo maana tumuulize. Yeye ndiye anayeutafuta mlango huu kila siku."

Nanyama aliomba kwa Nulu rangi zilizobaki za milango yake. Alipaka vipande vya mbao, kila kimoja rangi yake, kimoja akakifananisha na kijivu cha Geresom. Zilipokauka, alimkalisha Mama Nangobi karibu na choo. Akaegemeza ubao wa kijivu kwenye ukuta mweupe.

"Mama, unaona kitu?"

"Weupe. Kama mawingu."

Akaweka wa njano. Mama akatikisa kichwa. Akaweka wa buluu ya anga. Mama akafinya macho, akasema labda kuna kivuli. Mwisho Nanyama akaweka buluu nzito, ile ya kukaribia weusi.

"Mmetoboa nyumba?" Mama Nangobi aliuliza kwa ukali. "Naona shimo."

Geresom alimtazama mkewe. Akashika kopo lake, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, akapanda baiskeli kwenda mjini.

"Afande, kijivu imekosa nini?" Praful alimuuliza dukani.

"Haijakosa. Mama yangu haioni."

Praful alilirudisha kopo rafuni, akampa la buluu nzito. Geresom aliupiga mlango msasa, akaupaka buluu na fremu yake pia.

Rangi ilipokauka, mchana mmoja Mama Nangobi alitoka kwenda chooni. Nanyama na Geresom walikuwa uani. Alipotoka chooni, Geresom alinyanyuka kwa mazoea kwenda kumshika mkono. Nanyama akamvuta shati. Geresom akakaa.

Mama alisimama kidogo. Akainua uso. Kisha akatembea, si kuelekea ukutani, bali moja kwa moja, mikono yake ikiwa pembeni. Hakupapasa chochote. Alifika, akausukuma mlango, akaingia.

Nanyama alijifuta machozi kwa kanga, wala hakuona haya.

"Mama," Geresom aliita, "Jumapili nikupeleke Buwenge?"

"Nenda wewe," sauti ilijibu kutoka ndani. "Mimi niko kwangu."