Siku za Daktari Idman

Droo ilikuwa wazi, kufuli halikuvunjwa, na pesa zote zilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni pasipoti ya Marekani.

Inspekta Kaltuma Jatani wa idara ya upelelezi alivaa glavu, akakagua tundu la ufunguo, akainuka. Alikuwa mwanamke wa Wajir asiyependa maneno mengi kabla ya chai, na asubuhi hiyo hakuwa ameonja hata tone.

"Uliiona mwisho lini, Daktari?"

"Jana alasiri. Niliiweka hapa kwa mkono wangu."

Daktari Idman Hirsi alizaliwa Minnesota kwa wazazi waliotoka Hulugho. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akizalisha akina mama katika kituo hiki kidogo cha uzazi, nje kidogo ya mji wa Garissa. Ndege yake ilikuwa iondoke Nairobi usiku huo. Keshokutwa baba yake angepasuliwa moyo, na hakuna daktari aliyethubutu kuahidi kwamba mzee ataamka.

"Nikikosa ndege hii, Afande, huenda nisimwone tena," alisema, akalia bila kujificha.

Kaltuma alitazama saa. Saa mbili asubuhi. Gari la kwenda Nairobi lilipaswa kuondoka saa sita.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na Nesi Filsan. Wa akiba unakaa langoni, kwa Dekow, mlinzi."

Filsan alikuwa na mzazi tangu magharibi hadi alfajiri. Shahidi wake alikuwa mtoto mwenye umri wa saa tatu, na alikuwa akitoa ushahidi kwa sauti kubwa.

Kaltuma alirudi kwenye droo. Pasipoti ya Marekani ni mali, wako wanaoinunua. Lakini mwizi wa namna hiyo haachi pesa. Huyu hakutaka kupata chochote. Alitaka safari isiwepo.

Akaenda langoni. Dekow, mtu wa makamo mwenye ndevu nyekundu za hina, alimmiminia chai ya maziwa kabla hajaketi. Alijaza kikombe kupita kiasi, chai ikamwagika kwenye sahani. Ukutani palikuwa na kalenda ya Kiislamu, na pembeni mwake hesabu ya penseli: 354, chini yake 330, chini kabisa 24, imezungushiwa duara mara mbili.

Kaltuma alinakili namba hizo, akanywa chai yake yote, kisha akarudi ofisini.

"Daktari, mia tatu na thelathini ni nini?"

Idman alishangaa. "Ni kodi."

"Kodi?"

"Raia wa Marekani, hata akifanya kazi wapi, lazima kila mwaka ajaze fomu ya kodi ya nyumbani. Nikikaa nje siku mia tatu na thelathini ndani ya miezi kumi na miwili, mshahara wangu wa hapa unasamehewa. Zikipungua, nadaiwa. Kwa kipato hiki nisingeweza kulipa. Ningelazimika kurudi kufanya kazi kule."

"Nani mwingine anajua sheria hiyo?"

"Juni, nikijaza fomu, nilihitaji kuthibitisha siku zangu. Dekow alinisaidia na daftari la lango. Tulihesabu ukurasa kwa ukurasa..." Akaweka kiganja mdomoni.

Dekow aliitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Jana ulifungua droo ya Daktari?"

"Wallahi Afande, mimi si mwizi."

"Sijauliza kama wewe ni mwizi. Nimeuliza droo."

Dekow aliikunja kofia yake.

"Ishirini na nne ni nini, Dekow?"

Mabega ya mlinzi yalishuka. "Ni siku. Yeye naweza kaa Amerika siku ishirini na nne peke yake. Nesi alisema anaenda thelathini. Serikali yake itamshika na hiyo kodi, hatarudi tena."

"Ndiyo umwibie?"

"Afande, watoto mbili nilizika kule Bura. Ya tatu ilikuja na miguu, damu mingi. Watu walianza soma Yasin, ile ya mtu anakufa. Huyu daktari alikaa na bibi yangu mpaka asubuhi, mtoto hai, mama hai. Sasa bibi yangu iko na mimba ingine. Atazaa mwezi ya Rajabu. Nimpeleke kwa nani?"

"Unajua anasafiri kufanya nini?"

"Kutembea."

"Baba yake anapasuliwa moyo keshokutwa."

Dekow alibadilika rangi. Alitoka mbio hadi chumba cha lango, akarudi na mfuko wa Msahafu. Pasipoti ilikuwa ndani, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Nisamehe, Daktari. Sikujua. Wallahi sikujua."

Idman aliikumbatia pasipoti kifuani. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Kisha akaona namba kwenye daftari la Kaltuma.

"Dekow, umehesabu mwaka gani?"

"Mwaka ya Waislamu, siku mia tatu hamsini na nne. Kuna ingine?"

Kaltuma alicheka hadi akashika meza. Idman naye akacheka huku akifuta machozi. "Wale wa kodi wanahesabu mia tatu sitini na tano. Nina siku thelathini na tano. Naenda thelathini tu."

"Kuiba pasipoti ni jinai," alisema Kaltuma, akijaribu kurudisha sura ya kazi. "Unamshtaki?"

"Hapana, Afande. Naondoa malalamiko."

Kaltuma aliandika hivyo. Alikuwa amekamata wezi wa tamaa, wa njaa na wa ubishi. Wa shukrani alikuwa huyu wa kwanza, akamshukuru Mungu kwamba hakulazimika kumfunga pingu.

Idman alimpigia baba yake. Kwao ilikuwa usiku, lakini mzee hakuwa amelala. Alisikiliza yote, kisha akataka kuzungumza na mlinzi, kwa Kisomali.

"Wewe ndiye uliyeficha pasipoti ya binti yangu?"

"Ni mimi, adeer," alijibu Dekow, akimwita ami kwa heshima.

"Miaka mitatu nahesabu siku zake huku. Nilidhani nahesabu peke yangu. Nakushukuru." Mzee alivuta pumzi. "Mkeo anajifungua lini?"

"Rajabu, adeer."

"Basi sikiliza. Nikiamka, nitamrudisha mwenyewe kabla ya Rajabu. Nisipoamka, atanizika, halafu atarudi kabla ya Rajabu. Umesikia?"

Dekow aliitikia kwa kichwa, kana kwamba mzee anamwona, akarudisha simu, akaenda kufungua lango gari la kwenda Nairobi litoke.