Mvumo wa Gurudumu la Kushoto

Mwanzo ulikuwa mvumo tu, mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Mkunga aliusikia siku ile ile aliyokabidhiwa gari, akirudi nalo nyumbani, binti yake wa pekee ameketi kando yake akipiga soga bila kituo. Mtoto huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Mama, gari linaimba!"

"Gari la bure halikosi neno," mkunga alijibu akicheka. "Acha liimbe, mradi linatufikisha."

Alikuwa na haki ya kufurahi. Kwa miaka mingi alikwenda kuzalisha wanawake kwa miguu, mvua yake, jua lake. Sasa kaka yake mkubwa, mtu mkono wa birika, alikuwa amemwita kwake na kumtia ufunguo kiganjani. "Sema umepokea," alimsihi. Mkunga akasema, "Nimepokea, kaka. Mungu akuzidishie." Aliyaona machozi machoni mwa kaka yake, akadhani ni mapenzi.

Siku zilivyosonga mvumo ulinenepa, na Chiriku akapungua maneno. Hakuwa na homa, alikula na kulala vizuri, ila soga zilimkauka, na jioni alikaa mlangoni akilitazama gari, midomo imefumba, akitoa sauti puani: mmmm. Mkunga alimpapasa shingo asione uvimbe. Akajiambia mtoto ana lake litakalopita, akalipeleka gari gereji.

Fundi wa pale alijulikana kwa jina la Spana. Alipanda pamoja na mkunga wakaenda hadi barabara iliyonyooka. Mwendo ulipoongezeka, mvumo ukaongezeka. Akamwambia atoe gia. Injini ikatulia, mvumo ukabaki.

"Basi si injini. Kata kulia taratibu." Mvumo ukapanda. "Kata kushoto." Ukashuka. "Umesikia? Ukikata kulia, uzito wote unaegemea kushoto, nalo gurudumu linalalamika. Beringi ya mbele kushoto imekwisha, dada. Kazi ya mchana mmoja."

Gereji, Spana aliliinua gari kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha, huku kiganja kimoja kikiwa juu ya springi ili asikie mtetemo. Alikunja uso. Akalisimamisha gurudumu, lakini kiganja hakikuondoka pale.

"Limesimama," alinong'ona, "lakini bado linatetemeka."

"Maana yake nini?"

"Sijui. Tulifungue."

Alifungua gurudumu, akaondoa breki, akailegeza nati kubwa ya ekseli, akaitoa habu, kile kitovu cha gurudumu, na kuisukuma beringi nje kwa mashine ya presi. Ilipotoka, harufu ya nywele zilizoungua ilijaa gereji yote. Spana aliifuta grisi na kuikagua. Haikuwa na kutu wala mkwaruzo. Akaizungusha kwa kidole karibu na sikio, kama afanyavyo kila fundi kusikiliza kama gololi zake zinakwaruza, na hapo rangi ikamtoka, akamsogezea mkunga kile chuma, naye mkunga akainama akasikia, kutoka ndani ya gololi zile zilizokuwa zikizunguka zenyewe, sauti ya Chiriku ikipiga soga, ikisimulia habari za paka wa jirani, na za jino lililong'oka, na za mama anayechelewa kurudi, bila kupumua, bila kumeza mate, kama mtoto anayeogopa kwamba akinyamaza atasahauliwa.

Beringi ilianguka sakafuni. Spana alifunga mpya, akalirudisha gurudumu. Lilipozunguka tu, mvumo ukawa ule ule.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mimi natengeneza magari. Hili muulize aliyekupa."

Mkunga alimkuta kaka yake barazani. Hakumkaribisha kiti.

"Kaka, umenipa nini?"

Kaka aligeuza mgongo. Maneno yakamtoka haraka haraka. Alilinunua gari lile kwa mtu baki, bei ya kutupa. Limekaliwa na jini. Linakula sauti za watoto wa nyumba, au ya mwenye gari pasipo mtoto, na baada ya sauti hufuata pumzi. Lilikwishaanza kwa kifungua mimba wake. Haliondoki ila alipokee mtu wa damu moja, kwa hiari yake, kwa kinywa chake.

"Nami nikakuombea dua," mkunga alisema. "Nimekuombea dua, kaka!"

"Mimi ninao watatu. Wewe unaye mmoja."

"Ndiyo maana ulipaswa kunionea huruma."

"Usilirudishe hapa," alisema, akaingia ndani. Mkunga akasikia komeo likipita.

Aliporudi gereji alikomwacha Chiriku, mtoto alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, na kando yake alikuwapo mama mzazi wa mkunga, aliyekuja kumtazama mjukuu. Kikongwe huyo alikuwa amemwuliza mjukuu wake hali mara kadhaa, akajibiwa kwa mvumo wa puani. Sasa pumzi ya mtoto ilikuwa imeanza kukatika, ikija na kwenda kama ya mtu apandaye mlima.

"Nipe ufunguo," bibi alisema.

"Mama, hujui kilichomo."

"Mimi ni damu yako. Nipe, mwanangu."

Aliunyakua, akaweka kiganja juu ya gurudumu la kushoto, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Nimepokea." Mvumo ukakatika. Chiriku akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Mkunga akamkumbatia mama yake miguu, akilia, akimwita mkombozi wake.

"Niache," bibi alisema. Sauti yake ilikuwa tayari imeanza kupwaya. "Usinishukuru. Kaka yako alipotaka kulitoa alikuja kwangu, akaniuliza ampe nani. Mimi ndiye niliyekutaja. Nilisema wewe ni mvumilivu, utayaweza. Nilidhani nitaweza kuishi na jambo hilo moyoni, mpaka leo mtoto huyu alipokosa neno la kuniamkia."

Mikono ya mkunga ikaachia. Alisimama, akafuta magoti, akamwinua mtoto mgongoni. Spana aliangalia chini. Bibi alifungua kinywa aongeze jambo, lakini hakuna kilichotoka.

Walikwenda kwa miguu. Walipofika njia panda Chiriku aligeuka akatazama nyuma.

"Mama, bibi hatuendi naye?"

Mkunga alimpandisha vizuri mgongoni, asigeuke.

"Sema kitu kingine, mwanangu," alisema. "Sema chochote."