Wifi, Nitue

Chumvi iliisha jioni, saa kumi na mbili kasoro, na katika nyumba ya mama yake Advera pale Ipole, chumvi ikiisha anatumwa binti aliyetoka mjini, kwa sababu ndiye anayeonekana amekaa tu. Advera hakuwa amekaa tu. Alikuwa anajizuia kutapika. Lakini hilo walilijua watu wawili, yeye na mumewe Erasmus aliyebaki Tabora mjini, na walikubaliana lisitamkwe mpaka mwezi wa nne upite. Mimba tatu za kwanza walizitangaza. Zote tatu zilitoka, moja ikiwa watu wameshanunua na beseni.

"Pita barabarani," mama yake alisema, mgongo wake ukiwa mlangoni, macho kwenye sufuria. "Usikatize njia ya wapagazi."

"Mama, pale ni dakika tano."

"Barabarani."

Kwenye mkeka, wifi yake Josepha, mke wa kaka yake Sylvester, alicheka kimyakimya. Alikuwa na tumbo la miezi saba, mimba ya tano, na hakuwa na mtoto hata mmoja wa kumtuma chumvi. Rozari ameizungusha kwenye kiganja. Sylvester alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki, siku ya nne, kwa hiyo Josepha alishinda hapa na kurudi kwake jua linapozama. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba la karanga, ile yenye bati jipya.

Mambo ya njia ya wapagazi yalikuwa yameanza mchana, wakati wa kula. Mama alimkumbusha Josepha mwiko wa ukoo: mwenye mimba hamtui mzigo mtu asiyemjua. Wale wa misafara ya zamani walipita hapa na pembe za ndovu vichwani, wakaenda pwani, na wake zao walikuwemo. Waliojifungulia njiani hawakusubiriwa. Mtoto akifa, mama yake alimfunga pamoja na mzigo akaendelea kutembea, mpaka apate mtu wa kumtua.

"Kwa hiyo mimba zinatoka kwa sababu ya adabu ya kumtua mtu," Advera alisema. Anafundisha bailojia, sekondari ya wasichana. "Mama, hebu tuwe na aibu kidogo. Josepha, usisikilize hadithi za wapagazi. Mtu akikuomba umtue, mtue."

Josepha alimtazama kwa shukrani, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

Basi Josepha akarudi kwake, na Advera akaenda dukani kwa Lugembe. Akakatiza.

Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulikuwa umelala chini, mtamu, mzito. Njia ile haioti majani. Ni ngumu kama saruji, mwezi wa sita kama mwezi wa kwanza. Alitembea upesi.

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa tumbaku.

Maziwa... maziwa ya mama, yaliyochacha kwenye nguo.

Kisha njuga. Moja tu. Hatua, ikalia. Hatua, ikalia.

"Mwangaluka," sauti ilisema nyuma yake.

Hiyo ni salamu ya asubuhi.

Aligeuka. Mwanamke wa umri wake, kaniki imefungwa kifuani, imelowa mahali pawili. Kichwani ana mzigo uliokazwa kwa kamba za magome, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Shingo imenyooka. Na ardhi ile ngumu... miguu yake ilikuwa imezama ndani mpaka vifundoni.

"Dada, nitue."

Unyamwezini hakuna anayekataa kumtua mtu. Hata uliyegombana naye asubuhi unamtua, kisha mnaendelea kununiana. Advera alinyanyua mikono kwa mazoea.

Ndani ya mzigo kitu kikafanya kwikwi.

Kidogo. Kikanyamaza. Kikafanya tena.

Mikono ikashuka yenyewe, ikaenda tumboni. Mwanamke akaitazama ilipokwenda.

Angeweza kusema nina mimba. Angeweza kusema naogopa. Neno la kwanza lilikuwa siri, na la pili lingemfanya mjinga mbele ya mama yake, ingawa mama yake hakuwepo. Elimu yote ile, na hofu yake kubwa ilikuwa kuchekwa jikoni.

"Mgongo unaniuma," alinong'ona.

Angeishia hapo. Baadaye, miezi na miezi, alirudi kwenye nukta ile na kujiambia: ungeishia hapo.

"Nyumba ile yenye bati jipya," alisema. "Kuna wifi yangu. Yeye ataweza."

"Ataweza?"

"Ataweza."

Mwanamke alishukuru. Alishukuru kwa adabu, kama mtu aliyesaidiwa kweli. Kisha njuga ikaelekea shamba la karanga. Hatua, ikalia.

Advera alinunua chumvi. Alirudi kwa barabara. Kutoka barabarani mpaka mlango wa Josepha ni hatua sitini, na alisimama pale akiyaangalia yale mabati. Akajiambia chumvi inasubiriwa.

Ugali ulikuwa haujaiva Benedikta, jirani, alipoingia bila kupiga hodi. Josepha amekutwa kizingitini, damu imefika uani.

Walimpeleka hospitali ya Sikonge kwenye pikapu ya kubebea tumbaku. Yeye alipona. Mtoto, wa kike, alizaliwa kimya. Daktari alieleza vizuri: presha ilipanda, kondo la nyuma likabanduka kabla ya wakati. Advera aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Somo hilo hulichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Maelezo yalikuwa kamili, hapakubaki nafasi ya kuweka kaniki, naye aliyashika kwa mikono yote miwili.

Mwezi wa nne ukapita, wa tano, wa saba. Januari, Tabora mjini, akajifungua mtoto wa kiume wa kilo tatu na nusu. Aliyekuja kumwogesha mtoto, na chupa mbili za asali ya Sylvester, alikuwa Josepha. Ni yeye aliyemsalia novena tangu siku aliposikia. Siku tisa, zikiisha anaanza nyingine.

Siku ya mwisho ya kukaa kwake, jioni, alikuwa anampaka mtoto mafuta.

"Ulinitumia mtu," alisema.

Advera aliikunja tena nepi iliyokwisha kunjwa.

"Mama mmoja, na mzigo. Akasema, dada wa njiani amesema wewe utaweza. Nikaogopa, wifi. Halafu nikakumbuka ulivyotucheka. Nikasema, aliyesoma hawezi kunitumia kitu kibaya. Labda anataka niache woga." Alikunja mguu wa mtoto, akaunyoosha. "Nikamtua."

"Josepha..."

"Nilimuuliza mbona wewe hukumtua. Akasema mgongo ulikuwa unakuuma." Akamgeuza mtoto, akampaka na mgongoni. "Ulipojifungua, nikahesabu miezi."

Nje, mtu alikuwa anafunga duka. Mtoto alifanya kwikwi.

"Aliondoka mwepesi, yule mama. Alikimbia kama msichana. Mzigo akaniachia. Huwa nauweka chini ya kitanda. Sylvester anafagia pale, hauoni." Alisema bila hasira, na hilo ndilo Advera alishindwa kulistahimili. Angetukanwa, angejitetea. "Usiku unalia kidogo. Nimeuzoea. Lakini safari hii niliogopa kuuacha peke yake."

Alimvika mtoto, akamrudisha mikononi kwa mama yake. Akajifunga khanga, akasimama, akaenda mlangoni. Mkoba wake ulikuwa begani, na kichwani hakuwa na kitu chochote. Lakini aliinama alipopita chini ya fremu ya mlango. Akainuka polepole, shingo imenyooka, mkono mmoja juu, umeshikilia.

Chumba kizima kilinuka maziwa.

"Wifi," alisema, taratibu sana. "Nitue."

Advera alimkumbatia mtoto. Alitaka kusema ndiyo. Mungu anajua alitaka. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilekile.

"Mgongo unaniuma."

"Najua," Josepha alisema, na akaondoka, akikanyaga kwa uangalifu.

Asubuhi Erasmus aliuliza nani aliyeharibu sakafu. Kwenye saruji, kuanzia mlangoni mpaka barazani, palikuwa na nyayo, zimezama.